Umeniuliza Kuhusu Popo

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya. Barua yako nimetembea nayo siku tisa ndani ya daftari la kazi, na sasa ina doa la dawa ya kuua vijidudu palepale ulipoandika lile swali. Hata hivyo linasomeka: kama popo ndio wanaotuletea maradhi haya, mbona msiwamalize mara moja tukapumzika? Tena ukaongeza kwamba unao wengi tu darini kwako.

Angekuwa mtu mwingine ningemjibu kwa neno moja. Wewe nitakusimulia, maana jambo hilo lilishajaribiwa.

Magharibi mwa Uganda kuna machimbo yanaitwa Kitaka. Mwaka 2007 wachimbaji wa pale waliugua Marburg, homa kali ya kirusi inayoweza kuua, na mle ndani mlikuwa na popo wala matunda wapatao 100,000. Watu waliingiwa na hofu, nami siwalaumu. Wakaziba midomo ya machimbo kwa mafunjo na nyavu, wakawaua popo mpaka pakawa kimya. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena Ibanda, kama kilomita 20 kutoka hapo, na ukawa mlipuko mkubwa kuliko yote ya ugonjwa huo iliyokuwa imejulikana Uganda. Watafiti waliporudi machimboni walikuta popo wameanza kurejea, wachache mno, hawazidi asilimia 5 ya wale wa zamani. Walipowapima, wenye kirusi walikuwa asilimia 13.3. Kabla ya mauaji walikuwa asilimia 5.1.

Umeona? Popo wazee waliokwisha kuugua wakapona wana kinga, na hao walikuwa wamekwenda. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba nafasi yao ilichukuliwa na wageni na vijana ambao miili yao haijawahi kukutana na kirusi. Ni kama darasa zima la watoto ambao hawajachanjwa surua.

Mambo ya umri ndiyo yanayoninyima usingizi siku hizi. Katika pango la Python, hukohuko Uganda, popo huzaa mara mbili kwa mwaka, na maambukizi hupanda watoto wanapofikisha kama miezi sita, wakati kinga waliyoipata kwa mama imekwisha. Ukichukua tarehe za watu walioambukizwa Marburg ukazipanga juu ya kalenda hiyo ya uzazi, nyingi zinaangukia mulemule. Kwa hiyo safari zetu za kuwapima popo hatuzipangi kwa bajeti wala likizo. Tunafuata miezi ya watoto wa popo.

Usidhani ni kazi ya kishujaa. Wiki iliyopita, saa nane usiku, nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, jasho linanitiririka ndani ya ovaroli, glovu za mpira mbili na ya ngozi juu yake. Nikamtoa jike mmoja kwenye mfuko wa kitambaa, nikamshika shingo kwa vidole viwili, nikaingiza kijiti cha pamba kinywani. Akakiuma, akakatalia. Tukavutana pale kama watu wawili wanaogombea kijiko, moyo wake unapiga mbio hata sikuweza kuhesabu. Alipoachia, kijiti kikaenda chupani, chupa ikaenda kwenye naitrojeni ya kimiminika, na yeye nikampa juisi kidogo kwa bomba la sindano kabla ya kumrusha. Aliinywa yote, yule mama, kisha akanikojolea glovu. Alikuwa wa arobaini na moja usiku ule. Vipimo vya safari iliyotangulia vimerudi vyote hasi, na wenye kutoa fedha za utafiti hawapendi neno hasi, ingawa nalo ni jibu.

Mkojo nao tunautaka, tena sana. Malaysia, mwaka 1998 hadi 1999, wafugaji wa nguruwe walianza kuugua ubongo. Mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa wa ubongo unaoenezwa na mbu, zikapulizwa dawa za mbu, watu wakaendelea kufa: wagonjwa 265, vifo 105, na nguruwe zaidi ya milioni moja wakachinjwa kuuzima mlipuko. Kirusi kilipewa jina la Nipah. Daktari aliyekitenga, Chua Kaw Bing, ndiye baadaye na wenzake walitandika plastiki chini ya miti ya popo kisiwani Tioman, wakakusanya matone ya mkojo na matunda yaliyoumwa nusu, wakakipata humo. Basi mkasa ukaanza kueleweka: mashamba makubwa ya nguruwe yalikuwa yamepandwa miembe kandokando. Popo anakula embe, anadondosha makombo zizini, nguruwe anayaokota, anakohoa, mfugaji anavuta hewa ileile. Nani mkosaji hapo? Mimi jicho langu linakwenda kwenye umbali kati ya mwembe na zizi.

Bangladesh kirusi hichohicho kikapita njia nyingine, hata nguruwe hakuhitajika. Watu hugema utomvu wa mtende usiku na kuunywa mbichi asubuhi. Kamera za gizani zilipotegwa mitini, zikawaonyesha popo wakilamba pale utomvu unapotiririkia chunguni. Kinga ni kifuniko cha mianzi kinachofungwa juu ya sehemu iliyochongwa. Popo wapo palepale, wanaruka juu, wanakosa pa kulamba.

Lakini lililonigusa kuliko yote ni la Australia. Kirusi cha Hendra kilijulikana mwaka 1994, kinatoka kwa popo kinaingia kwa farasi, na kwa farasi ndiko watu hukipata. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofuatilia mambo hayo kwa miaka 25. Popo wanaponyimwa maua ya mikaratusi wakati wa baridi, maana misitu mingi imefyekwa, huhamia mashambani na mijini, hushinda na njaa, na ndipo kirusi huwatoka kwa wingi. Majira ambayo misitu iliyobaki ilichanua vizuri wakati wa baridi, walirudi porini, na farasi hawakuugua. Mimi niliyesomea kupima damu, sasa nahesabu maua.

Sasa dari lako. Usiwashike kwa mikono mitupu, hata aliyekufa. Akikuuma au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende ukachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, usingoje kuona dalili. Kinyesi usikifagie kikiwa kikavu. Kilowanishe kwanza, na uvae barakoa. Matundu utayaziba, ila si sasa. Ukisikia vilio vyembamba jioni baada ya wakubwa kuruka, ujue kuna vitoto, na ukiziba vitakufa humo vioze juu ya kitanda chako. Subiri vijifunze kuruka. Niandikie unasikia nini huko juu, na saa ngapi wanatoka. Mwanga wa tochi unafifia, na wenzangu wameshaanza kukunja nyavu.

Wako yuleyule,
mla vumbi wa mapangoni