Tuambieni mapema, na mtuambie nani analipa

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Nimesoma barua ya yule ndugu aliyesema watu wa mazingira ndio wanaua viwanda, halafu nikasoma na majibu aliyopewa kwamba yeye ni mbinafsi hajali watoto wanaovuta moshi, nikaona hawa wote wawili hawajawahi kushika koleo la makaa. Mi nimekaa kwenye boila, ile mashine ya kuchemshia maji ya mvuke kiwandani, miaka 19 kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Kwanza niseme kitu ambacho watu wa ofisini huwa hawakisemi. Filta ya moshi kiwandani kwetu ilikuwa inazimwa usiku. Kila mtu wa shifti ya usiku alijua. Ile filta inakula umeme na bili ndio ilikuwa inamkosesha bosi usingizi, basi giza likiingia tunaambiwa zima, moshi mweusi unatoka na hakuna wa kuuona, asubuhi tunawasha, bomba linatoa kamvuke keupe utadhani tunachemsha chai. Inspekta alikuwa anakuja mchana, tena anapiga simu kwanza. Mimi mwenyewe nimeizima ile filta kwa mkono wangu huu mara sijui ngapi, na nilikuwa naishi upande upepo unakoelekea. Mke wangu anaanua nguo alfajiri zina vumbi jeusi, ananiuliza hii nini, namjibu labda magari. Kwa hiyo mjue anayewaandikia sio malaika.

Nasema hivi manake watu wanabishana sheria inaua ajira au haiui, wakati sheria yenyewe sehemu nyingi inafanya kazi saa za mchana tu. Na anayeumia zaidi hapo ni mwenye kiwanda anayewasha filta yake saa 24, bili yake kubwa, bidhaa yake inakuwa ghali kuliko ya jirani anayezima, mwisho wa siku anafunga yeye mwaminifu na mjanja anabaki. Hapo kweli kazi zinapotea, ila zimeuliwa na inspekta wa kupiga simu.

Kuna kipindi nilisoma habari za Minamata kule Japani nikajiona mwenyewe kabisa. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilikuwa kinamwaga zebaki, ambayo ni sumu, baharini, ikaingia kwenye samaki, paka wakaanza kurukaruka kama wendawazimu, halafu watu, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda chenyewe alimlisha paka maji taka ya kiwandani, paka akaugua vilevile, matokeo yakafichwa. Mwaka huohuo wakaweka mtambo wa kusafisha maji, sherehe ikafanyika, mkuu wa kampuni akanywa glasi ya maji mbele ya watu waone yako salama. Kumbe maji yenye zebaki hata hayakuwa yanapita kwenye mtambo ule! Nilicheka peke yangu, filta yetu na ile wangekaa pamoja wangeelewana. Kumwaga kukasimama mwaka 1968, yaani miaka 12 baada ya ugonjwa kujulikana.

Ila kilichonigusa sio kampuni, kampuni ni kampuni. Wavuvi walipodai kiwanda kiache kumwaga, watu wa mji uleule wakawageuka, wakaenda kwa gavana kumuomba asisimamishe maji taka, na chama cha wafanyakazi kilikuwemo, kwa sababu mji mzima ulikuwa unakula kupitia kile kiwanda. Siwalaumu sana. Ukiwa na watoto na mshahara ni mmoja, moshi unakuwa sio moshi tena unakuwa ada ya shule. Baadae mwaka 1968 chama kimoja cha wafanyakazi palepale kilitangaza hadharani kwamba kinaona aibu kwa kutosimama na wagonjwa. Mi hiyo aibu naijua, nimeivaa.

Sasa nije upande wa pili kabla ndugu yangu wa barua ile ya kwanza hajasema nimemsaliti. Kazi zinapotea kweli, tusidanganyane, na wanaosema kila kazi ikifa inazaliwa nyingine hawamwambii mtu inazaliwa wapi. Angalieni Marekani, mwaka 1990 walibana salfa inayotoka kwenye mitambo ya umeme kwa sababu ya mvua ya tindikali, ile inayochachuka kwa moshi wa salfa. Makampuni yalilia kwamba gharama itakuwa balaa, ikaja kuwa ndogo sana kuliko walivyotabiri, moja ya sababu ni kwamba mitambo mingi ilihamia makaa ya mawe yenye salfa kidogo kutoka jimbo la Wyoming yanayosafirishwa kwa treni. Safi, mvua ikapungua makali. Ila mchimbaji wa Illinois ambako makaa yana salfa nyingi alibaki anaangalia treni zinapita. Kwenye hesabu ya taifa mambo yako sawa, kwenye jiko lake hakuna kitu.

Na hapa ndipo nataka wasomaji wanisikilize vizuri. Tarehe 30 Septemba 2024 Uingereza walifunga vitu viwili siku moja. Kimoja ni Ratcliffe-on-Soar, mtambo wao wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe, nchi ambayo mwaka 2012 ilikuwa inapata karibu 40% ya umeme wake kwenye makaa. Kingine ni tanuru la mwisho la kuyeyushia chuma pale Port Talbot, Wales. Pale Ratcliffe serikali ilishatangaza tangu 2015 kwamba makaa yanakwisha, watu wakawa na karibu miaka 9 ya kujipanga, siku ya mwisho walikuwa wamebaki kama 170, kuna wanaostaafu, kuna waliotafutiwa sehemu nyingine. Port Talbot je? Uamuzi ulitangazwa Januari 2024 na Septemba hiyohiyo tanuru limezimwa, mpango mzima unafuta kazi kama 2,800, na tanuru jipya la umeme ambalo serikali imeweka pauni milioni 500 linategemewa mwishoni mwa 2027 au mwanzoni mwa 2028. Katikati hapo miaka mitatu hakuna kuyeyusha chuma. Na hata likija, tanuru la umeme halihitaji watu wengi kama la zamani. Tena wala haikuwa sheria ya mazingira peke yake, kampuni yenyewe ilisema inapata hasara kama pauni milioni 1 kwa siku, ila zile habari za "chuma cha kijani", yaani chuma kisicho na moshi mwingi, zilifunika kila kitu, na mtu aliyepoteza kazi akaondoka anachukia mazingira maisha yake yote.

Nchi moja, siku moja. Waliopewa miaka 9 na waliopewa miezi 9 hawawezi kulingana.

Wajerumani nao walikubaliana mwaka 2007 kwamba migodi yao ya makaa magumu, yale meusi, itafungwa 2018, na kweli Prosper-Haniel, mgodi wa mwisho, ulifungwa Desemba 2018. Miaka 11. Wazee walistaafishwa mapema, vijana wakahamishiwa kazi nyingine. Hela ya serikali iliyotumika ni nyingi sana na wengine wanasema ni kupoteza, na ukweli ni kwamba waliendelea kununua makaa ya nje na kuchimba yale laini ya kahawia, kwa hiyo msiwafanye mitume. Ila hakuna aliyeamka asubuhi akakuta geti limefungwa.

Kuhusu umeme sitasema mengi, ila watu wa mazingira wakumbuke kitu kimoja. Ukizima mtambo wa zamani kabla mpya haujawaka, moshi hauishi, unahama. Watu zaidi ya bilioni 2 duniani bado wanapikia kuni, mkaa, mafuta ya taa na vitu kama hivyo, na ule moshi wa ndani unaua mamilioni kila mwaka. Umeme ukipanda bei au ukikatika ovyo hata aliyekuwa na jiko la umeme anarudi kwenye mkaa, na kiwanda kinawasha jenereta ya dizeli. Hiyo hewa nani anaipima?

Mimi ningeulizwa ningesema hivi. Mkitaka kubana moshi bana, mi nakubali, mapafu yangu yenyewe yanakubali, ila toeni tarehe, iwe ya miaka kadhaa, halafu msiisogeze kila mwenye kiwanda akilalamika, manake aliyewekeza mapema mnamfanya mjinga. Inspekta aje saa nane usiku bila simu. Gharama ya filta ipigiwe hesabu ya umeme wake kabisa, sio bei ya kununua tu, pale ndipo watu wanaanzia kudanganya. Na hela ya wafanyakazi iwekwe pembeni kabla ya kufunga, sio baada, kwa sababu baada ya kufunga kampuni inakuwa haipo, simu haipokelewi, mwanasheria ndio anakujibu.

Kwetu kiliishaje? Boila ilikuwa imechoka, wateja wawili wakubwa walishaondoka, kila mtu alikuwa anaona. Siku moja tukakuta karatasi getini imeandikwa kwamba kiwanda kinafungwa kutokana na masharti ya mazingira. Masharti! Yale ambayo tulikuwa tunayazima kila siku saa moja jioni. Tulipewa wiki moja. Wenzangu hadi leo ukiwatajia neno mazingira wanatukana, na siwezi kuwalaumu, karatasi ndivyo ilivyosema.

Filta iliuzwa chuma chakavu. Vijana waliokuja kuibeba wakaniuliza, mzee, hii ilikuwa inafanya kazi kweli? Nikawaambia ndio, mchana.

Ni mimi msomaji wenu,
Mzee wa boila