Salma, yale maji hayaogwi

Shoga yangu Salma,

Salamu za watoto na za mzee nitaziuliza mwishoni, maana ujumbe wako umenishtua. Eti mmeshalipia chumba Bath, Uingereza, na Jumamosi mnakwenda "kuogelea kwa Warumi". Shoga, kwa Warumi haogelei mtu!

Pale, Roman Baths, bafu za kale za Warumi, ni makumbusho. Lile Bwawa Kuu la kijani uliloliona pichani limetandikwa mabamba ya risasi chini, na maji yake hayasafishwi. Ukijani wenyewe ni mwani: enzi za Warumi lilikuwa na paa, sasa jua linalipiga moja kwa moja. Kuoga maji ya chemchemi zile kulisimamishwa mwaka 1978, baada ya msichana kufa kwa vijidudu vilivyomwingia ubongoni. Kwa hiyo mnatazama, mnasikiliza maelezo, mwishoni mnaonja kwenye bomba maji ya chemchemi yaliyosafishwa. Ni ya vuguvugu, yana ladha ya chuma. Juma atayatema.

Kuoga ni Thermae Bath Spa, hatua chache tu kutoka hapo. Maji hutoka ardhini na joto la nyuzi 46 hivi, yanasafishwa na kupoozwa hadi 33 na kitu. Nafasi za wikendi huisha mapema, ndiyo maana ungeanza na bwawa, chumba kingefuata. Sasa hivi tafuta Ijumaa jioni au Jumapili asubuhi. Jioni ni bora: bwawa la juu ya paa giza likianza kuingia, mvuke unapanda, na mnara wa Abasia, kanisa kubwa la kale la mjini, uko mbele yako.

Tiketi ni ya masaa mawili, nayo yanahesabiwa tangu mnapoingia, si tangu mguu ugusapo maji. Kubadili nguo na kufunga nywele zetu hizi kutakula robo saa nzima. Mkipitiliza mnalipishwa. Taulo, joho na ndara vimo kwenye bei, msijitwishe. Cheni ya fedha ibaki chumbani, maji ya madini huitia weusi.

Halafu Nuru. Ana miaka 14, siyo? Kwenye jengo kuu lenye bwawa la juu ya paa hawaingii walio chini ya 16, hata akiwa na mama yake. Mwambieni mama yake, Rehema, mapema, mtoto asije akanuna mlangoni. Na Bi Mwana na presha yake atoke kidogo kidogo, maji moto hushusha presha na mtu akainuka ghafla akaona kizunguzungu.

Mengine ni mepesi. Treni kutoka Paddington, London, ni mwendo wa kama saa moja na nusu, mnashuka Bath Spa, katikati mnafika kwa miguu. Jumapili reli hukarabatiwa, kagueni ratiba ya kurudi. Royal Crescent, zile nyumba 30 zilizojengwa 1767 hadi 1774, ziko juu mlimani, vaeni viatu bapa. Daraja la Pulteney lina maduka pande zote mbili, ukipita juu yake hujui uko darajani. Litazameni kutoka Grand Parade.

Ila bwawa, Salma, bwawa! Umeshaangalia nafasi? Mko wanne au watano? Nuru atabaki na nani? Chumba kinaweza kusogezwa siku moja? Na mzee hajambo, mguu umepona? Nijibu leo leo.

Wako,
Mwanaidi