Albamu za taarab: nyimbo za kale zipewe haki yake

Mhariri,

Tunafurahi kuona vikundi vya taarab asilia hapa Unguja vikitoa albamu zinazochanganya nyimbo za kale na tungo zao wenyewe. Kasoro ni kwamba zile za kale hutayarishwa harakaharaka, kana kwamba kazi yake ilikwishafanywa na waliotangulia.

Wengi huunakili wimbo kutoka kwenye santuri. Santuri za zama za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zilichukua dakika tatu hivi kila upande. Wimbo mrefu ilibidi ukatwe ili uenee, kwa hiyo anayefuata santuri peke yake anaweza kuwa anafuata mkato. Tena si kila santuri ilirekodiwa kwa mizunguko 78 kamili kwa dakika. Iliyorekodiwa kwa 74 ikichezwa kwa 78 hupanda karibu nusu sauti, na mwimbaji wa leo akajibana koo kufuata sauti ambayo marehemu hakuiimba. Beti kamili zitafutwe kwanza kwa wazee na kwenye madaftari ya vikundi, kisha wimbo upangwe palipo na koo la mwimbaji aliyepo.

Maneno nayo yasiguswe ovyo. Chukua mstari kama huu, tulioutunga kwa mfano tu: “Nimekuja na salamu, nizipeleke kwa nani”. Mizani ni nane kwa nane. Ukibadili ukasema “nitazipeleka kwa nani”, kipande cha pili kinakuwa na mizani tisa. Mwimbaji atabana silabi mbili kwenye pigo moja, na waitikiaji watatua baada yake. Kosa hili husikika wazi, na hakuna fundi mitambo wa kulirekebisha.

Linaloumiza zaidi ni sauti zenyewe. Katika bayati, mojawapo ya maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu), sauti ya pili hukaa kati ya vitufe viwili vya kinanda. Udi na fidla huipata kwa kidole, na ganuni kwa vile vijiti vidogo vya pembeni mwa nyuzi. Akodiani na kinanda cha kawaida haviipati kabisa. Vikipiga sambamba na mwimbaji hapo, mmoja wao ataonekana kakosea, na mara nyingi lawama humwangukia mwimbaji. Dawa yake ni vinyamaze kwenye kipande hicho, virudi kwenye kiitikio ikiwa sauti ile haimo. Baya kuliko hilo ni programu ya kunyoosha sauti studio. Ikiachwa kwenye mpangilio wa sauti 12 za kinanda, huivuta bayati hadi kwenye kitufe cha jirani, na wimbo unatoka msafi lakini umepoteza ladha yake yote. Kwa nyimbo hizi izimwe. Ala pia zirekodiwe pamoja chumba kimoja kila inapowezekana, maana fidla hujibu pumzi ya mwimbaji, na pumzi haimo kwenye mdundo wa kompyuta.

Mwisho ni majina. Kuandika “wimbo wa asili” kwenye jalada wakati mtunzi anajulikana ni kumdhulumu. Katika taarab, mshairi na mtia sauti (mtunzi wa lahani) mara nyingi ni watu wawili, na kila mmoja ana haki yake. Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania imo tangu 1994, unalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka isiyopungua 50 baada ya kifo chake. Mshairi aliyefariki 1990 bado analindwa, na warithi wake waombwe ruhusa kabla ya kurekodi. Wa kuulizwa ni wasimamizi wa hakimiliki: COSOZA kwa Zanzibar na COSOTA kwa Bara.

Tunaomba ukurasa wenu wa burudani, unapoitangaza albamu ya namna hii, utaje kila wimbo pamoja na mshairi wake, mtia sauti wake, na beti zilizopunguzwa au kuongezwa. Kikundi kisichoweza kuyajibu hayo kiulizwe kabla habari haijachapishwa.

Wapigaji na wapenzi wa taarab asilia,
Unguja