Kayaki Matema, mwezi wa kumi

Tukuyu

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na migomba. Sisi wazima. Nimefurahi mno kusikia likizo yako ni Oktoba, tutaweza kupiga kayaki Matema. Kuanzia Mei hadi Agosti mwera, ule upepo wa kusini-mashariki, hutawala Ziwa Nyasa, na mawimbi yake yanafika Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, yakiwa yameshika kasi tangu kusini kabisa. Oktoba kuna nafuu, ingawa mchana upepo huamka tu.

Kwa hiyo tuingie majini kukipambazuka. Tutashika upande wa mashariki, tupite kijiji cha Lyulilo, tufuate Milima ya Livingstone hadi kijiji cha Ikombe. Upande wa mdomo wa Mto Lufilyo tusiusogelee: kuna viboko na mamba.

Kipande cha milimani ndicho kinachoninyima usingizi. Mlima unashuka moja kwa moja ziwani, na pa kupandishia kayaki ni vipande vidogo vya ufukwe wa mchanga kati ya mwamba na mwamba. Ukichoka, huwezi kushuka popote unapotaka. Ndiyo maana naomba tukubaliane kabisa: saa nne asubuhi tuwe tumeshaondoka Ikombe, hata kama maji yametulia tuli na mazungumzo yamenoga. Majaketi okozi tuyavae mwanzo hadi mwisho, kila mtu na filimbi yake shingoni. Nitamwomba pia mvuvi mmoja wa pale atusindikize na mtumbwi wake, kwani upepo wa pwani ile anaujua yeye kuliko sisi.

Na Ikombe utaipenda! Ni kwa Wakisi, wafinyanzi wa vile vyungu vinavyouzwa mpaka Mbeya mjini. Utamwona mama amekaa chini, mkono mmoja unakizungusha chungu taratibu, vidole vya mwingine vinapandisha ukuta wa udongo mpaka unakuwa mwembamba, sawasawa pande zote. Ningekaa pale kutwa. Ila usinunue siku hiyo, kayaki haina pa kuviweka. Twende Ijumaa, kesho yake Jumamosi ni soko la Lyulilo. Vyungu vinaletwa kwa mitumbwi, utachagua mwenyewe.

Niandikie mapema kama lile bega limepona kabisa. Likiwa bado linauma, nitatafuta kayaki ya watu wawili, mimi nikae nyuma nipige kafi.

Wako daima.