Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Huu ndio mwaka wetu wa kwanza chini ya Kanuni za Mashindano ya Matanga za 2025–2028 za World Sailing, shirikisho la mchezo wa matanga duniani, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari. Hesabu za fedha na matengenezo ya vyombo yamo katika taarifa ya mhazini. Mimi nabaki na kanuni, maana huko ndiko kulikotoka kelele nyingi.

Nianze na kelele zenyewe. Utangulizi wa kitabu cha kanuni unaruhusu miito, yaani maneno ambayo nahodha humpazia jirani yake majini, itolewe kwa lugha isiyo Kiingereza, mradi vyombo vyote vinavyohusika vitarajiwe kuielewa. Kiingereza kinakubalika siku zote. Kamati imeafiki miito mitatu: "Pingamizi!", "Nafasi ya kubisha!" na jibu lake, "Bisha wewe!" Mgeni akiwa jirani yako majini, ita kwa Kiingereza. Vijana nao waelezwe kwamba kubisha hapa ni kugeuza chombo kwa kupitisha omo, yaani sehemu ya mbele, kwenye upepo. Mwenye hamu ya kubishana asubiri ufukweni.

Kanuni ya 20, ya kuomba nafasi ya kubisha, ndiyo tuliyoikosea zaidi. Vyombo viwili vinakwenda joshi, yaani karibu na upepo unakotoka, ubavu kwa ubavu kuelekea fungu la mchanga. Cha upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, karibu kitapanda mchanga, na hakiwezi kubisha bila kumvaa mwenzake. Nahodha wake aite "Nafasi ya kubisha!", na upepo ukiwa mkali ainue na mkono, kisha ampe mwenzake muda wa kuitikia. Aliyeitwa ana njia mbili tu: abishe mapema awezavyo, au ajibu papo hapo "Bisha wewe!" na kumpa nafasi. "Maji bado yapo" si jibu. Hata akiona mwito haukustahili, lazima auitikie, kisha apinge. Aliyeita naye, mwenzake akishabisha au kujibu, abishe mara moja. Kuendelea mbele kidogo ili kupata nafasi nzuri ni kosa. Na mwito hauruhusiwi iwapo kizuizi ni boya ambalo aliyeitwa anaweza kulifikia bila kubisha.

Kuhusu maboya, duara la kulizunguka boya, ambalo huamua nani apewe nafasi, ni urefu wa mwili wa chombo mara 3, kwa kipimo cha chombo kilicho karibu zaidi na boya. Kwa ILCA, mashua ndogo ya mtu mmoja, ni mita 12 na ushei; kwa Optimist, mashua ya watoto, ni kama mita 7. Kinachohesabiwa ni mwili wa chombo, kwa hiyo boriti ya chini ya tanga iliyochomoza nje haimwingizi mtu ndani ya duara. Hali ya wakati chombo cha kwanza kinagusa duara ndiyo inayoamua: mkiwa ubavuni, wa nje ampe nafasi wa ndani, aliye upande wa boya, hata kama wa nje baadaye atamtangulia. Pakiwa na shaka ya kweli kama mtu aliwahi kuingia ubavuni, huchukuliwa kwamba hakuwahi. Haki hii haipo kwenye boya la kuanzia lililozungukwa na maji ya kupitika, wakati vyombo vinalikaribia ili vianze. Kwa hiyo anayejipenyeza kati ya mashua ya kamati iliyo kwenye mstari wa kuanzia na mwenzake wa demani hana cha kudai.

Pingamizi zilizokataliwa bila kusikilizwa zilianguka kwa sababu moja: nahodha alinyamaza, akaja kulalamika pwani. Vyombo vyetu viko chini ya mita 6, hivyo bendera nyekundu ya pingamizi haihitajiki, lakini mwito wa "Pingamizi!" lazima utoke kwenye nafasi ya kwanza inayofaa. Kisha karatasi iandikwe, ikitaja anayepinga, anayepingwa na tukio, ndani ya saa 2 baada ya chombo cha mwisho kumaliza, isipokuwa maelekezo ya mashindano yaseme vingine.

Aliyekosa alipe kwa mizunguko 2, yote upande mmoja, kila mmoja ukiwa na kubisha mara moja na kugeuza kwa tezi, yaani kupitisha sehemu ya nyuma kwenye upepo, mara moja. Tuliona wanaozunguka kulia kisha kushoto. Hiyo ni nane, si adhabu. Ajitenge kwanza na wenzake, azunguke bila kukawia. Kugusa boya ni mzunguko 1. Aliyesababisha jeraha au uharibifu mkubwa ajitoe kwenye mbio.

Miito mitatu itaingizwa katika maelekezo ya msimu ujao na kubandikwa ubaoni. Mwenye pendekezo la maneno mengine amkabidhi katibu kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti