Alama za hatari kwa safari za kayaki ziwe za kuzuia, si za kuruhusu

Mhariri,

Kwa kuwa kayaki zinazokodishwa kwa wageni zimeongezeka katika fukwe za Shela na Manda hapa Lamu, na kwa kuwa wapo wanaopendekeza kila safari ipimwe kwanza kwa alama za hatari, yaani pointi zinazojumlishwa, kama ifanywavyo ng'ambo, naomba nafasi niliunge mkono pendekezo hilo kwa sharti moja: alama hizo ziwe na nguvu ya kuizuia safari, lakini zisiwe na nguvu ya kuiruhusu.

Mfumo unaojulikana sana ni ule wa Eric Soares wa California, mmoja wa waanzilishi wa kundi la wapiga kayaki la Tsunami Rangers. Humo, kila maili ya mwendo wa upepo kwa saa ni alama 1, kila futi ya wimbi alama 2, kila mita 100 za kuogelea hadi nchi kavu alama 1, na kila nyuzi ya Fahrenheit ambayo joto la maji limepungua chini ya 72 (takribani 22 za Selsiasi) alama 1. Vipo vifungu vingine, kama usiku, ukungu na mawimbi yanayovunjika. Jumla hugawanywa kwa 20, na jibu ndilo daraja la hatari, kuanzia 1 hadi 6. Faida yake siikatai. Kijana anayeongoza wageni, ambaye tajiri wake hataki safari ivunjwe na mgeni naye ameshalipa, hupata hoja ya kuonyesha badala ya kusema tu kwamba moyo wake haukubali. Na kule kuhesabu humlazimisha mtu asimame, autazame upepo na ajiulize ataogelea kuelekea wapi chombo kikipinduka.

Lakini mfumo huo ulizaliwa penye maji baridi. Bahari ya nyuzi 55 za Fahrenheit huongeza alama 17, karibu daraja zima, ilhali maji yetu hayashuki hata kufikia 72, kwa hiyo kifungu hicho hapa ni sifuri mwaka mzima. Kinachotutisha Lamu ni maji kujaa na kupwa, jambo ambalo mfumo hauna kifungu chake mahsusi, bali limeachwa liingizwe katika hatari nyinginezo.

Chukua mlango wa bahari wa Shela wakati wa kusi, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi. Upepo ni maili 15, mawimbi futi 3, ufukwe uko mita 300: jumla ni 24, yaani daraja la 1 na ushei, safari ya anayejifunza. Maji yakianza kupwa, mkondo hutoka nje ukikabiliana na upepo uingiao, na mawimbi yaleyale husimama wima na kuvunjika, hata hesabu iliyofanywa ufukweni nusu saa kabla haifai tena. Zile mita 300 nazo si mita 300 kwa mtu anayevutwa na mkondo kwenda bahari kuu. Hatari hizi hazijumlishwi moja juu ya nyingine; moja huizidisha nyingine, na hilo karatasi ya kujumlisha haiwezi kulionyesha.

Upande wa pili, kijito cha mikoko kiendacho magofu ya Takwa, kisiwani Manda, kitapata alama karibu na sifuri, kwani hakuna wimbi na upepo umekingwa. Maji yakikauka, wageni hubaki kwenye tope juani kwa saa kadhaa, mara nyingi bila maji ya kunywa ya kutosha. Njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, ni vivyo hivyo. Na kwa kuwa maji huchelewa kwa takribani dakika 50 kila siku, saa iliyofaa juzi haiwi kipimo cha leo.

Kuhusu mpiga kafi mwenyewe, mfumo hupima bahari tu. Haujui kama aliyeketi chomboni anaweza kukipanda tena akiwa majini, wala kama koti lake la kujiokolea limefungwa. (Mara nyingi halijafungwa, kwa sababu ya picha.)

Napendekeza wenye kayaki waketi na manahodha wa hapa, watunge karatasi yenye vifungu vya bamvua na maji mafu (siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo), saa ya kupwa, na upepo ukikabiliana na mkondo. Idadi ya alama ikivuka kiwango kilichokubaliwa, safari isitoke, hata mgeni akidai ni bingwa kwao. Ikiwa chini ya kiwango, uamuzi ubaki kwa kiongozi wa safari, naye asikatwe ujira akikataa kutoka.

Mkazi wa Shela,
Lamu