Wanangu wa YES, msiondoke bila kuaga

Wanangu wa Tanga, Unguja, Mombasa na Lamu mliotawanyika hapa Ohio, mkisoma na kuishi na familia za Wamarekani chini ya YES (Youth Exchange and Study), mpango wa kubadilishana wanafunzi,

Salaam. Shule zinafungwa, tiketi za kurudi zimeshatoka, na najua masanduku yako wazi sakafuni. Nina jambo moja la kuwaambia kabla hamjafika uwanja wa ndege: ageni. Ageni kwa mdomo, uso kwa uso, na mapema.

Nasema hivi kwa sababu naona mnavyofanya. Siku zikikaribia, mtoto ananyamaza. Anajifungia chumbani anachati na marafiki wa nyumbani, na mezani hana neno ila "ndiyo" na "hapana". Kuna mwaka mama mwenyeji alinipigia simu usiku kuniuliza, "Tumemkosea nini?" Hawakuwa wamemkosea chochote. Kijana aliogopa kulia mbele yao. Akaondoka vivyo hivyo, mama wa watu akabaki na swali lake. Lieni, wanangu. Hakuna atakayewacheka.

Mwaangalie watu hawa ni akina nani. Mpango wa YES ulianzishwa mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi waje kuishi na Wamarekani na kusoma nao. Serikali ya Marekani ndiyo inayougharamia, lakini familia iliyokupokea hailipwi kwa kukulea. Chumba, chakula, kukupeleka mazoezini na kukufuata usiku wa theluji, yote wametoa kwa hiari yao. "Asante kwa kila kitu" ni maneno ya mtu mwenye haraka. Kaa kitako, andika barua kwa mkono, na utaje jambo lenyewe: asante Baba kwa kuamka alfajiri mwezi wa Ramadhani kunipashia daku, nawe hufungi. Asante Mama kwa kutafuta duka la nyama halali kabla hata sijafika. Akisoma hivyo atajua kwamba ulikuwa unaona.

Kama nyumba ina mtoto mdogo, anza naye. Watu wazima walijua tangu mwanzo kwamba mwaka utakwisha. Mtoto wa miaka 7 anajua tu kwamba wewe ni kaka yake, au dada yake, na unakaa chumba cha pili. Mwambie tarehe, mwonyeshe kwenye kalenda ya jikoni, mwache aulize swali lile lile kila siku na umjibu kila siku. Wala usimdanganye kwamba mwakani utarudi. Viza yenu ya J-1, ile ya wanaokuja kwa mipango ya kubadilishana, ina sharti la kukaa kwenu jumla ya miaka 2 kabla ya kupata makazi ya kudumu au viza za kazi kama H-1B. Sharti hilo lenyewe halizuii kuja kusoma chuo au kutembea, ila hayo ni maombi mapya na majibu hayamo mikononi mwako. Mwahidi simu ya Jumapili, halafu upige.

Tena, wakutanisheni wazazi. Saa 5 asubuhi hapa Columbus ni saa 12 jioni Tanga na Mombasa. Jumamosi moja inatosha. Mama yako aonekane kwenye video, amshukuru mwenziwe aliyemlelea mwana. Kama hajui Kiingereza, wewe ndiye mkalimani, na tafadhali usimkatie maneno. Akiomba dua ndefu, itafsiri yote.

Uwanja wa ndege msiutegemee. Kwa kawaida wasindikizaji hawavuki sehemu ya ukaguzi, kwa hiyo uliloliweka hadi dakika ile utalisema kwenye foleni, watu wanakusukuma kwa nyuma.

Vitabu vya maktaba na kompyuta za shule rudisheni. Nakala rasmi ya matokeo iombeni ofisini kabla watu hawajaenda likizo, maana huko nyumbani mtaulizwa.

Jumamosi hii nitakuwa nyumbani kuanzia adhuhuri. Anayeona uzito kuiandika barua ile aje. Karatasi na bahasha ninazo, na pilau itakuwepo. Mwambieni mama au baba mwenyeji awalete, naye akaribie ale.

Shangazi yenu,
Columbus, Ohio